Umeacha embe miaka miwili, umelirudia, mdomo umebabuka: hapo katikati kulitokea nini?

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia chini ya miembe, na embe nalimenya kwa meno kama tulivyofanya wote utotoni, unang'ata pale kwenye kikonyo, unatema, unavuta ganda, maji yanashuka mpaka kwenye kiwiko. Afu ikaja ile miaka ya dayati. Tukaambiwa sukari ya tunda ni sukari tu kama nyingine, nikaacha embe, nikaacha ndizi, nikaacha mpaka chungwa, nikabaki na mayai, parachichi na korosho, miaka miwili kasoro. Desemba iliyopita nikasema basi inatosha, nikanunua fungu la dodo barabarani, nikakaa kibarazani nikala matatu bila kupumzika.

Usiku ule tumbo liliunguruma kama lori linapanda Kitonga. Nikasema sawa, huo ni ulafi, nimeuvuna mwenyewe. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu asubuhi naamka midomo inawasha vibaya mno, pembeni mwa mdomo vipele vya maji, kidevu kizito kama cha mtu aliyepigwa ngumi, yaani nilijiangalia kwenye kioo nikarudi kulala.

Sasa ndo wataalamu wakaanza kuja. Mama mdogo akasema haya maembe ya siku hizi yanaivishwa kwa kabaidi, hayo ndo matokeo. Jirani akasema hapana, huyo kakojolewa na buibui usiku. Kijana wa duka la dawa hata hakusikiliza mpaka mwisho, akanipa tyubu ya fangasi. Mimi mwenyewe nikajiaminisha kwamba mwili umeshazoea kukaa bila matunda kwa hiyo umeyakataa, maelezo ambayo yanasikika vizuri lakini ukiyabana hayana kitu ndani.

Kitu ambacho hakuna hata mmoja aliuliza, na ndo swali lenyewe, ni hili: ilianza baada ya muda gani? Maana tunda ni moja ila njia za kukugeuka ni nyingi, na kila njia ina saa yake. Kuna ya dakika, kuna ya masaa, kuna ya masiku. Mimi nilikuwa na mbili kwa mpigo, ile ya tumbo usiku uleule na ile ya mdomo siku ya tatu, na hazihusiani kabisa, ni kama kuibiwa simu na kunyeshewa mvua siku moja.

Tuanze na ya masiku kwa sababu ndo iliyonifunza.

Embe lina ukoo, na kwenye huo ukoo kuna ndugu wasumbufu. Mwembe na mkorosho ni familia moja, wataalamu wa mimea wanaiita Anacardiaceae, na humo humo kuna mmea wa porini wa Marekani unaitwa poison ivy, huo ukiupitia tu mguu wazi unatoka malengelenge. Watu wa Mtwara na Lindi hawahitaji kuelezwa sana hapa, wanaobangua korosho wanayajua yale mafuta ya ndani ya ganda yanavyobabua vidole mpaka ngozi inatoka vipande. Utomvu wa embe una kemikali zinazofanana na hizo, kundi la resosinoli, na zimejaa kwenye ganda, kwenye kikonyo na kwenye yale maji yanayochuruzika ukilikwanyua embe kutoka mtini. Kwenye nyama ya ndani unayoila ziko kidogo sana. Kwa hiyo mtu aliyekatiwa embe kwenye sahani na mtu aliyelimenya kwa meno hawajala kitu kimoja, hata kama embe ni lile lile.

Kinga ya mwili inaushughulikia utomvu huu kwa kutumia seli zinazoitwa seli T, na hizi hazina haraka. Mara ya kwanza zikikutana na kemikali wala hujui kama kuna kitu, zinaweka tu kumbukumbu. Mkikutana tena ndo zinaanza kuitana, zinakusanyika pale ngozi ilipoguswa, na kuitana kwenyewe kunachukua kama siku moja mpaka tatu. Ndo maana watu wengi hawaunganishi. Umekula embe Jumamosi, umebabuka Jumatatu usiku, unalaumu dagaa wa Jumatatu mchana, unawaacha dagaa, embe unaendelea kula, na wiki ijayo unashangaa dagaa umeacha na mdomo bado unawasha.

Sawa, ila mbona utotoni sikubabuka, na nilikuwa nakula mpaka yale mabichi kwa chumvi na pilipili, utomvu wote mdomoni?

Kuna kisa kimoja kilichapishwa 2005 kwenye jarida la madaktari wa ngozi, mimi kilinifungua macho kuliko maelezo yote. Vijana wa Kimarekani walikwenda Israel kwenye kambi ya kiangazi wakapangiwa kazi ya kuchuma maembe. Kumi na saba wakatoka vipele. Wenzao Waisraeli waliokuwa wanachuma nao, miti ileile, jua lile lile, hakuna hata mmoja aliyepata kitu. Kilichowatofautisha ni kwamba wale Wamarekani ama waliwahi kubabuliwa na poison ivy au jamaa yake poison oak, ama walitoka sehemu inakoota kwa wingi, wakati Waisraeli hawakuwahi kukutana nayo. Yaani embe kwao lilikuwa kitu kipya lakini kwa kinga yao halikuwa kipya, mwili ulishamjua kaka yake, akija mdogo mtu anapigwa kwa makosa ya kaka.

Hapo ndo daktari wa ngozi (nilimwendea baada ya ile tyubu ya fangasi kuzidisha kuwasha) aliniuliza swali nililoona halina maana kabisa: hiyo miaka miwili umekuwa ukila nini badala ya matunda? Nikamwambia mayai, parachichi, korosho. Korosho unazitoa wapi? Naletewa ghafi kutoka kijijini, nachoma na kubangua mwenyewe uani, zinakuwa tamu zaidi. Vidole viliwahi kubabuka? Nikacheka. Viliwahi, mara mbili tatu, nilidhani ni moto.

Basi jibu lilikuwa hilo. Niliacha embe lakini sikuacha ukoo wake. Miaka miwili nzima nilikuwa nauonyesha mwili mafuta ya ganda la korosho kwenye ngozi, njia mbaya kuliko zote ya kumtambulisha mgeni, na wakati huohuo nimeondoa embe la kula ambalo tumbo lilikuwa linalipokea kwa amani tangu utoto. Kuhusu hili la tumbo kuna hoja ambayo watafiti wa aleji wanaitumia sana siku hizi: kitu kikiingia kwa njia ya utumbo mapema na mara kwa mara, kinga inajifunza kukivumilia, kikiingia kwa ngozi iliyochubuka au kuungua inajifunza kukipiga. Na kwa ndugu zetu mlioko Marekani, mnaokata majani uani, mkababuliwa na poison ivy, afu mnakuja likizo mnashambulia dodo kwa meno kama zamani, hamjarogwa, someni tena kile kisa cha wachuma maembe wa Israel.

Haya, twende kwenye ya dakika, na hapa naomba tusitaniane sana kwa sababu ndo inayoua.

Ukila tunda na ndani ya dakika chache, tuseme mpaka masaa mawili, ukapata mabaka ya kuwasha mwilini, midomo au ulimi kuvimba, kifua kubana, sauti kukauka, kutapika mfululizo au kizunguzungu cha kutaka kuanguka, hiyo ni kingamwili ya IgE imefanya kazi, si seli T za polepole. Hapo hakuna kujaribu tena nyumbani "nione kama ni lenyewe". Unakwenda hospitali siku hiyohiyo, na majaribio ya baadaye yanafanyika mbele ya daktari mwenye sindano ya adrenalini mkononi.

Ila ndani ya hii ya dakika kuna mdogo wake ambaye mara nyingi ni mpole, na huyo anawashangaza sana Waswahili wa Ulaya. Rafiki yangu yuko Ujerumani mwaka wa tisa sasa. Alipofika alikuwa anakula matufaa kila siku, bei rahisi, afu akapata matatizo ya meno akaacha kama mwaka na nusu, aliporudia tu tufaa la kwanza kaakaa ikaanza kuwasha, masikio kwa ndani yanawasha, koo kama lina nywele. Akasema meno yamemharibia mwili. Meno hayajafanya kitu. Huko kuna mti unaitwa birch ambao majira ya machipuko unamwaga chavua nyingi mno hewani, na ukikaa nchi hizo miaka kadhaa unaweza kupata aleji ya ile chavua, mafua ya kila Aprili, macho mekundu. Protini iliyomo kwenye chavua ya birch inafanana sana na protini moja ya kwenye tufaa, kwenye cheri na kwenye pichi, kwa hiyo kinga inamkamata tufaa ikidhani ni chavua. Yaani kipindi alichoacha matufaa ndo kipindi mwili ulikuwa unajifunza kuichukia chavua, na kuacha kwenyewe hakukuwa na kosa lolote, ilikuwa bahati mbaya ya kalenda.

Uzuri wa protini hiyo ni dhaifu, moto unaivunja. Tufaa bichi linamuwasha, tufaa lililookwa kwenye keki anakula na anaongeza. Na hii ni dalili nzuri ya kujipima kichwani, kwamba kama bichi linakusumbua na lililopikwa halikusumbui pengine uko kundi hili, ingawa si lazima. Kuna protini nyingine kwenye matunda kama pichi, hasa kwenye ganda lake, ambazo moto hauzitishi, na watu wa nchi za Mediterania wanazijua kwa ubaya. Hizo zina tabia ya ajabu: leo unakula pichi huna shida, kesho unakula pichi lile lile afu unakwenda kukimbia, au umemeza aspirini, au umepiga bia mbili, unaanguka. Kwa hiyo mtu akikwambia "lakini wiki iliyopita nililila vizuri tu" usimwone mwongo, mwulize baada ya kula alifanya nini.

Kwenye kundi hilo la kufananisha waweke pia wanaovaa glovu za mpira kila siku, manesi, wafanyakazi wa maabara, watu wa saluni. Aleji ya mpira inaweza kuja na ndizi, parachichi, papai na kiwi kwa sababu protini za utomvu wa mpira zina mfanano na za matunda hayo, na kati ya wenye aleji ya mpira asilimia 30 mpaka 50 hivi wanasumbuliwa na tunda au mmea fulani. Nesi aliyeacha ndizi mwaka mzima kwa sababu ya dayati, akairudia ikamuwasha mdomo, aangalie kwanza mikono yake ikoje baada ya zamu.

Nanasi nalitoa kwenye kesi hii. Nanasi linamchoma kila mtu ulimi ukizidisha, lina kimeng'enya kinachoitwa bromelaini kinachokatakata protini, na vifuwele vidogo vyenye ncha kama sindano. Ni kazi ileile ya papai bichi unalopaka kwenye nyama ya mishkaki ili ilainike, papai lina papaini, nanasi lina bromelaini, na ulimi wako nao ni nyama. Ukikaa muda mrefu bila kula nanasi unasahau kwamba lilikuwa linachoma hivihivi tangu zamani.

Sasa kuna jambo hapa linanikera kidogo, nalo ni hili la kuacha vyakula kama vile kuacha hakuna gharama. Watu wanaacha tu. Mtoto ana pumu ya ngozi, bibi anasema ondoa machungwa, shangazi anasema ondoa mayai, mwingine karanga, mtoto anabaki na wali na maji. Mwaka 2015 watafiti wa London wakiongozwa na Gideon Lack walitoa matokeo ya watoto 640 waliokuwa kwenye hatari ya aleji, waliogawanywa wakiwa na miezi 4 mpaka 11, nusu wakawa wanapewa karanga mara kwa mara na nusu wakazuiwa kabisa mpaka wafike miaka mitano. Kwa wale ambao mwanzoni kipimo cha ngozi hakikuonyesha kitu, waliozuiwa walipata aleji ya karanga asilimia 13.7, waliokula asilimia 1.9. Na kuna miaka kabla ya hapo wazazi wa watoto wa namna hiyo walikuwa wanashauriwa wawazuie!

Karanga si tunda, najua, lakini ngoja. Mwaka 2016 ukatoka uchunguzi mwingine wa Marekani wa watoto 298 ambao pumu yao ya ngozi ilikuwa inachochewa na chakula, wakawekwa kwenye dayati ya kuondoa vyakula hivyo. Karibu mmoja kati ya watano alikuja kupata aleji mpya ya ghafla, ile ya dakika, kwa chakula ambacho mwanzoni kilikuwa kinamletea ukurutu tu. Wengine ilikuwa ya kuhatarisha maisha. Yaani alikuwa anakula anajikuna, akazuiwa, akarudishiwa, akashindwa kupumua. Haimaanishi dayati za kuondoa vyakula zote ni mbaya, kuna wanaozihitaji kweli, ila maana yake kinga haikai pale ulipoiacha ikikusubiri. Kwa mtoto hasa, kuondoa na kurudisha chakula ni kazi ya kufanya na daktari, siyo ya kufanya na ushauri wa ukoo kwenye simu.

Turudi kwenye lori la Kitonga, yaani tumbo langu la usiku ule. Hii ni ya masaa, na haina kinga ndani yake kabisa, ni hesabu.

Embe bivu gramu 100 lina sukari kama gramu 14 hivi, na ndani yake fruktosi ni karibu gramu 4.7 na glukosi ni gramu 2, inayobaki ni sukrosi. Fruktosi kwenye utumbo mwembamba inapita kwenye mlango wake mdogo, wanauita GLUT5, na mlango huo unajaa haraka. Ikisindikizwa na glukosi ya kutosha inapita vizuri zaidi, ikizidi glukosi ile ya ziada inabaki nje kama abiria waliokosa daladala. Kwenye embe ziada ni karibu gramu 2.7 kwa kila gramu 100. Fanya hesabu ya dodo tatu kubwa, nyama yake tuseme gramu 300 kila moja, ni gramu 24 za fruktosi isiyo na msindikizaji. Hiyo inateremka mpaka utumbo mpana, inavuta maji, bakteria wanaishangilia, wanatengeneza gesi, na wewe usiku unahesabu boriti za paa.

Ndizi mbivu ina fruktosi na glukosi karibu sawasawa, na papai nalo hivyo hivyo, ndo maana mtu anaweza kula papai nusu akalala usingizi na embe au tikitimaji likamkesha. Siyo kwamba embe ni baya na papai ni zuri, ni uwiano tu.

Sasa kwa nini ilikuwa mbaya kuliko zamani? Zamani nilikula matatu bila shida. Majibu ni mawili na yote yana uzito. Moja, ule mlango wa GLUT5 haukai idadi ileile, kwenye majaribio ya panya imeonekana wazi kwamba wakilishwa fruktosi milango inaongezwa, wakinyimwa inapungua. Mwili hauweki wafanyakazi wasio na kazi. Mbili, bakteria wa utumboni wanabadilika kufuata unachokula, ukikaa miaka miwili bila matunda wale waliozoea matunda wanapungua, afu siku moja unawamwagia mzigo mzima. Kwa hiyo huyu wa tumbo kwa kweli ndo peke yake ambaye ile nadharia yangu ya "mwili umezoea kukaa bila tunda" inamhusu, na dawa yake ni kurudi kidogo kidogo. Kipande leo, kesho kutwa vipande viwili. Chuo Kikuu cha Monash kule Melbourne, walikoanzisha dayati ya FODMAP, yaani ya kupunguza sukari zinazochachuka tumboni, kwa watu wenye tumbo korofi, wanasisitiza kwamba ile hatua ya kuacha ni ya wiki 2 mpaka 6 tu, baada ya hapo unarudisha kundi moja moja la sukari kwa siku tatu, dozi inapanda, unapumzika, unajaribu jingine. Watu wengi wanaikumbuka hatua ya kuacha tu, wanaishi humo miaka, mimi nikiwa mmoja.

Kwa wenzangu wa keto kuna jambo la kuwatoa hofu. Unakaa miezi bila wanga, unakula embe moja, unajipima sukari na kale kamashine ka nyumbani, inasoma juu, unaruka: nina kisukari, embe limenipa kisukari! Taratibu. Mwili uliokaa bila wanga unakuwa mzito kwa muda kushughulikia sukari, ni jambo linalojulikana tangu zamani, na ndo sababu mtu anayekwenda kufanyiwa kipimo rasmi cha kunywa glukosi huwa anaelekezwa ale wanga wa kutosha, kama gramu 150 kwa siku, siku tatu kabla, ili kipimo kisidanganye. Na mizani ikipanda kilo moja au zaidi kesho yake usilie, mwili unahifadhi wanga pamoja na maji yake, kila gramu ya wanga na karibu gramu tatu za maji, hayo siyo mafuta. Ukiendelea kusoma juu baada ya wiki za kula kawaida, hapo ndo uende kituoni ukapimwe.

Na kuna kesi nyingine ambayo tunda ni lile lile, tumbo ni lile lile, kinga imetulia, kilichobadilika ni kabati la dawa. Mzee alikuwa anakula balungi ujana wake wote, akaacha miaka mingi, hapo katikati akaanzishiwa vidonge vya presha, siku moja mjukuu akamletea balungi, mzee akala kwa furaha, baada ya masaa kizunguzungu, anashika ukuta. Hii iligunduliwa kwa bahati tu Kanada miaka ya 1980, David Bailey na wenzake walikuwa wanachunguza dawa ya presha inayoitwa felodipini pamoja na pombe, wakatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe, wakashangaa dawa kwenye damu imepanda kuliko ilivyotarajiwa. Balungi linazima kimeng'enya cha utumboni kinachopunguza nguvu ya dawa nyingi, na kikishazimwa mwili lazima utengeneze kingine, kwa hiyo athari inaweza kukaa siku moja mpaka tatu. Kunywa dawa asubuhi na balungi jioni hakusaidii kitu. Baadhi ya dawa za kolesteroli nazo zimo, na hata artemetha iliyomo kwenye dawa mseto ya malaria imeonekana kupanda kwenye damu ikinywewa na juisi hiyo. Mwulize mfamasia kabla ya kulirudia, swali la dakika moja.

Mama mdogo naye nimjibu, maana amesoma hii na anasubiri. Kabaidi ni jambo la kweli, ikikutana na unyevu inatoa gesi ya asetilini inayolifanya ganda liwe la njano wakati ndani bado bichi, na kabaidi ya viwandani inaweza kuwa na mabaki ya arseniki na fosforasi, India wameipiga marufuku kuivishia matunda. Kwa hiyo kuosha embe vizuri na kulitilia shaka embe linalong'aa njano lote bila harufu ni akili. Ila kabaidi haingoji siku tatu ikachagua midomo na kidevu peke yake, pale pale ganda lilipogusa. Pale ilikuwa utomvu, mama.

Basi namna nilivyorudi mimi, kwa ruhusa ya daktari kwa sababu sikuwahi kuvimba koo wala kubanwa kifua, ilikuwa hivi. Nilisubiri ngozi ipone kabisa, wiki mbili na ushee. Korosho nikaanza kununua zilizobanguliwa tayari. Embe likaoshwa na kumenywa na mtu mwingine, kisu kikaoshwa kabla ya kukata nyama, nikala kipande kimoja kwa uma, mchana siyo usiku, bila tunda lingine jipya siku hiyo, afu nikasubiri siku tatu nzima bila kujidanganya, na saa nikaandika kwenye simu. Hakuna kitu. Siku ya nne vipande vitatu. Sasa hivi nakula nusu dodo baada ya chakula na tumbo halisemi kitu, nikizidi hapo linaniambia.

Rafiki yangu wa Ujerumani yeye anachemsha matufaa yake na mdalasini. Maganda ya embe ya hapa nyumbani anapewa mbuzi wa jirani, anakula na vikonyo vyote, na mpaka leo hajababuka.